Machimbo yaliyokwisha kupitiwa na mashine: kuna tija kurudi?

Mkuu uliyeuliza, nimekusoma hivi: mna mashine ya kutafutia dhahabu, ile inayolia ikipita juu ya kitu cha metali, mnatokea Dodoma mjini, mmeshapita makorongo yote mnayoyajua kuanzia Mpwapwa hadi Manyoni, na sasa wenzako wanasema huko kumekwisha, bora mfuate rashi, yaani mkurupuko wa watu kukimbilia dhahabu mpya, popote inapolipuka. Wewe unasita, unataka kujua kama kurudi kulekule kuna tija.

Kuna tija. Punje zangu nyingi, tena nzuri, nimezitoa kwenye ardhi iliyokwisha kupitiwa na watu wengine na hata na mimi mwenyewe. Pori ambalo hakuna aliyewahi kuokota hata pointi moja, yaani sehemu ya kumi ya gramu, siliamini kirahisi. Korongo lililowahi kutoa dhahabu limeshajibu swali gumu kuliko yote, yaani kama ipo. Linalobaki ni kujua iliyobaki imejificha wapi na kwa nini mashine iliiruka.

Iliiruka, kwanza, kwa sababu ni ndogo. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina uzito wa gramu 19.3. Maana yake gramu nzima, ambayo sokoni ni hela ya kueleweka, ukubwa wake ni kama punje ya choroko. Ukiitengeneza mchemraba, kila upande haufiki milimita 4. Sasa hicho kitu kiwe bapa, kisimame wima ubavuni mwa jiwe, kifukiwe na udongo mwekundu. Koili, ile sahani ya mashine unayoipitisha juu ya ardhi, inapita juu yake na husikii kitu. Kesho mwenzako akipita kutoka upande mwingine, inalia. Halafu wengi hawajui kwamba koili ya mono, yenye waya mmoja unaotuma na kupokea, haioni chini kwa upana uleule inaouona juu: kadiri unavyokwenda kina, eneo inalolipima linasinyaa kuelekea katikati. Mtu anayetembea haraka huku akirusha mikono anakuwa amepima sentimita chache za juu, na huko chini ameacha vipande vipana havijaguswa kabisa.

Ndiyo maana nikifika machimbo ya zamani nawauliza wenyeji: waliopita hapa walikuwa na mashine gani? Zile zinazotuma mawimbi mfululizo, mfano Gold Monster 1000 inayofanya kazi kwa kilohezi 45, ni kali sana kwa vipunje vya juu juu, lakini kwenye udongo wenye chuma kingi zinahangaika. Za mapigo, kama GPX 5000, zinatuma pigo, zinanyamaza, ndipo zinasikiliza. Kelele ya udongo inapungua na zinakwenda chini zaidi, ila kuna mipangilio yake ambayo huruka vidogo. Walipopita na ya kwanza, peleka ya pili. Walipopita na koili kubwa ya inchi 18 wakitafuta mapande, ingia na ya inchi 8. Na hakikisha mashine yako si bandia, kwa sababu hizo ziko nyingi mitaani zikiwa na nembo ileile na rangi ileile, na mwenye nayo hawezi kusema lolote kuhusu eneo.

Lakini kilichonipa zaidi kuliko kubadilisha mashine ni kukwangua.

Sehemu yoyote ilipotoka punje naiwekea alama kwenye simu siku hiyohiyo. Nikirudi nasafisha kuizunguka, nyasi, majani, kokoto, mpaka koili iweze kulala chini kabisa. Sentimita 3 za nyasi ni sentimita 3 za kina ulizozitupa, na hapo watu hawaelewi hasara wanayopata: umbali ukizidi mara mbili mlio haupungui nusu, kwa kitu kidogo unapotea kabisa. Nafunga kamba mbili za kuongoza njia, napima taratibu, kila mpigo wa koili ukipanda juu ya uliotangulia kwa karibu nusu. Nikimaliza kwenda kaskazini na kusini, narudia eneo lilelile kwa kukata mashariki na magharibi. Baada ya hapo tunashika koleo. Tunakwangua sentimita 5 hadi 10, tunautandaza ule udongo pembeni, tunapima chini na tunapima pia tulichokitoa. Kisha tabaka jingine. Ni kazi ya mgongo, na vijana wasiopenda jasho huishia siku ya kwanza. Kuna korongo upande wa Manyoni ambalo watu walilihama wakasema limekufa. Vipande vyake bora vilitoka baada ya tabaka la pili kuondoka, vimekaa juu ya mwamba uliooza, yaani uliochakaa ukawa laini, pale udongo unapoishia. Dhahabu ni nzito, maji yakiutikisa udongo yenyewe inashuka mpaka ikwame.

Na usitegemee mlio mkubwa. Milio mikubwa ilishachimbwa. Iliyobaki ni ile ambayo wenzako waliisikia wakaidharau: sauti imepanda kidogo, au imetetereka tu kisha ikatulia. Vaa hedifoni, maana kwa upepo wetu huu wa Dodoma spika ya mashine haikusaidii. Futa udongo kwa mguu, pima tena. Kama ni udongo wenyewe au jiwe la chuma linalodanganya, mara nyingi mlio husambaa au hufifia. Kama ni kitu, mlio hukua na kuwa mkali kadiri unavyokikaribia. Penye uhakika wa dhahabu mimi sichuji chuma, yaani siiweki mashine inyamazie chuma, nachimba kila kinacholia. Misumari, vifuniko vya soda, vipande vya moko (patasi za wachimbaji), nyaya, vyote natoa na kuondoka navyo, kwa sababu msumari mmoja unaweza kufunika mlio wa punje iliyo jirani yake. Funga sumaku kwenye sururu, itakupunguzia muda wa kupekua.

Kuhusu majira, huku kwetu tuna bahati ambayo hatuitumii vizuri. Mvua ni ya msimu mmoja, kama Desemba hadi Aprili, na ikinyesha inanyesha kwa hasira, inakata makorongo, inabeba udongo mwepesi na kuacha kizito. Korongo ulilopima Oktoba si lilelile Mei. Mimi napita mara mbili: mvua zinapokwisha, nitazame wapi kingo zimebomoka na mwamba umefunuka, halafu tena kiangazi kikali, nyasi zikiwa zimeliwa na mifugo na koili inakwenda chini.

Vifusi vya maduara ya zamani, yaani mashimo ya wachimbaji, navyo visikupite. Wachimbaji wa kabla ya mashine walitegemea jicho na karai; pande lililovaa mfinyanzi lilirushwa pembeni pamoja na uchafu. Usipime rundo kwa juu ukaondoka. Litandaze liwe jembamba, pima, geuza, pima.

Ndugu mmoja amekushauri Sekenke, kule Iramba. Historia yake ni kubwa kweli: dhahabu ya huko ndiyo Wajerumani walitengenezea sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, pale Tabora mwaka 1916. Ila ule ulikuwa mgodi wa mwamba. Dhahabu iliyosambaa kwa chembe laini ndani ya jiwe mashine haiioni, hata rundo liwe na gramu kadhaa kwa tani. Hiyo ni kazi ya karasha, mtambo wa kusaga mawe. Mashine inataka punje, au jiwe ambalo dhahabu imekusanyika mahali pamoja.

Kabla ya yote hayo, ruhusa. Eneo linaloitwa limeachwa mara nyingi lina mwenyewe. Sheria ya Madini, Sura ya 123, hairuhusu kutafuta wala kuchimba bila leseni, na leseni ya uchimbaji mdogo hudumu miaka 7, kwa hiyo mtu anaweza asionekane machimboni muda mrefu na bado ni pake. Nenda kwa Afisa Madini Mkazi uangalie ramani, mtafute mwenye leseni, mwandikiane mgawo kabla hujawasha mashine, na serikali ya kijiji ijue mpo. Nimeona urafiki wa muda mrefu ukivunjika kwa gramu chache kwa sababu makubaliano yalikuwa ya mdomo. Mzee mwenye malisho naye mpitieni nyumbani mumsalimie, na kila shimo lifukiwe. Ng'ombe wake akivunjika mguu hamtakanyaga tena pale, na sisi tunaishi kwa kurudi. Mkipata, pelekeni soko la madini. Tangu masoko haya yaanze 2019, mrabaha na ada ya ukaguzi vinakatwa palepale na unatoka na karatasi halali mkononi.

Maduara ya zamani yaliyofunikwa na vichaka yanaua. Usipime peke yako, usitembee ukiangalia koili tu, na usiingie ndani hata mlio uwe mzuri kiasi gani.

Umeuliza pia lini mtu akubali kwamba pamekwisha. Mimi naacha nikishapima pande zote mbili, nikakwangua mpaka mwamba, nikabadilisha koili, na bado hakuna hata kipunje. Hata hapo, kabla ya kuhama korongo napanda juu ya mteremko, kwa sababu punje zilidondoka kutoka mwamba fulani huko juu. Zikiwa na kona kali na vipande vya jiwe jeupe vimeng'ang'ania, mwamba wake uko karibu. Zikiwa laini, zimelainishwa na maji, zimesafiri. Kama zile mlizopata mwanzo bado hamjaziuza, zipigeni picha kwa karibu muweke hapa, pamoja na picha ya udongo mlipozitoa, tuone mpande upande gani.