Ukichora gari la mbio la kesho, anzia uvunguni

Vijana wengi wanaoniletea michoro ya magari ya mbio ya kesho huwa wameanza na pua. Pua ndefu, taa nyembamba, bawa la nyuma la ghorofa tatu. Mikono yao naipenda, ila swali langu la kwanza ni lile lile: hewa inapita wapi chini ya gari hili? Hapo wengi hunyamaza, maana chini hawajachora kitu. Mimi kazi yangu ni kuchora magari na kutengeneza mifano yake midogo, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote.

Tupige hesabu kidogo. Nguvu ya bawa kuligandamiza gari chini hufuata kipeo cha pili cha spidi. Tuseme bawa lako linatoa kilo 800 ukiwa kwenye kilomita 200 kwa saa. Ukishuka hadi 100, zinabaki kilo 200. Kwenye 50, kilo 50 tu. Yaani kwenye kona kali ya polepole, pale unapoomba matairi yashike lami, bawa limeshakuacha mwenyewe. Feni iliyofungwa nyuma ya gari haijali spidi. Ikinyonya hewa ya uvunguni, kanieneo ya chini hushuka, na hewa ya juu hulikandamiza gari hata likiwa limesimama.

Kwa hiyo kabla hujashika penseli, litazame gari la Red Bull X2010. Adrian Newey alilibuni mwaka 2010 kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa Gran Turismo 5, na sharti lilikuwa tamu: sahau kanuni zote za mashindano. Watu hukumbuka umbo lake, dereva ndani ya kioo na matairi yaliyofunikwa. Mimi huwapeleka nyuma ya gari, kwenye feni. Mbunifu aliyeishi miaka mingi ndani ya kanuni za Formula 1 alipofunguliwa mlango, alilifuata wazo la zamani.

La zamani kweli. Mwaka 1970 Jim Hall wa Marekani aliingiza Chaparral 2J kwenye Can-Am, mashindano ya magari ya Marekani na Kanada. Nyuma lilikuwa na feni mbili, zikizungushwa na injini ndogo ya gari la kuteleza thelujini. Sura yake ni kama boksi, hakuna ambaye angebandika picha yake ukutani, lakini lilikuwa na kasi iliyowatisha wenzake, na baada ya msimu ule likapigwa marufuku. Mwaka 1978 akaja Gordon Murray, mbunifu wa timu ya Brabham ya Formula 1, na gari la BT46B. Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu. Wapinzani wao, timu ya Lotus, walikuwa wakishinda kwa kupitisha hewa kwenye mifereji ya uvunguni. Brabham walikuwa na injini ya Alfa Romeo ya silinda 12 zilizolala, pana mno, ikiziba nafasi ile ile ya mifereji. Murray akaweka feni nyuma, na timu ikatetea kwamba ni ya kupoza injini (ilipoza kweli, si uongo mtupu). Dereva wao Niki Lauda akashinda Anderstorp, Sweden, kwa zaidi ya nusu dakika. Gari lile halikushindana tena.

Kilichozaa feni ile ni injini pana. Basi juu ya karatasi yako andika kwanza tatizo la gari lako kwa sentensi moja. Ukishindwa kuliandika, unachora pambo.

Kisha jaribu kwa mikono. Chukua kadibodi, feni ya kompyuta mbovu, na ukanda wa plastiki laini uzungushe pembeni uwe sketi inayogusa meza. Vuta kigari kwa rababendi feni ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa, uone rababendi inavyorefuka zaidi. Halafu ingiza penseli chini ya sketi, hewa ipenye. Binti mmoja alipofanya hivyo mbele yangu, kigari kiliteleza kikaenda zake, naye akauliza mwenyewe: dereva akipanda ukingo wa barabara katikati ya kona itakuwaje? Swali hilo ni bora kuliko michoro mingi niliyoiona.

Na usidhani ni ndoto za michezo ya kompyuta. McMurtry Spéirling, gari la umeme la Uingereza, hunyonya hewa kwa feni na kujikandamiza kwa takriban kilo 2,000 likiwa limesimama. Mwaka 2022 dereva Max Chilton alipanda nalo kilima cha mashindano cha Goodwood, Uingereza, kwa sekunde 39.08, rekodi mpya.

Ukiniletea mchoro, nataka kurasa mbili, ya ubavu na ya uvungu. Ya uvungu ionyeshe sketi inagusa wapi, feni inatupa hewa upande gani, na vumbi na mawe yaliyonyonywa yanatokea wapi, kwa sababu gari linalokufuata nalo lina dereva.