Shamba la kartie: watu wanajaa Jumamosi ya kwanza, kiisha wanapotea

Yaya anajibu maswali ya wasomaji wa Bukavu

SWALI: Yaya jambo. Sisi mu kartie (mtaa) yetu hapa Kadutu tulipewa kiwanja nyuma ya kanisa tulime mboga za watu wote. Jumamosi ya kwanza tulikuwa watu kama 40, tukaimba, tukalima, ilikuwa furaha, Jumamosi ingine wakakuja 20, leo tuko 6 na ni wale wale kila siku. Mimi nachoka, wenzangu wananuna, wengine wanasema tuweke amande (faini) kwa wenye hawakuje, sawa vile wanafanya ku salongo, ile kazi ya lazima ya watu wote. Tugawe kazi namna gani?
Mama wa Kadutu

JIBU: Jambo mama, na pole sana, hao sita ndio wanabeba shamba lote na nawaheshimu kabisa. Amande musiweke. Ku salongo wengi wanatoka kwa sababu wanaogopa kulipishwa, na ukiangalia vizuri utaona kuna wenye wanasimama na jembe mkononi mpaka saa ifike, sasa ukileta hiyo roho mu shamba la kujitolea hata hao sita utawapoteza. Mimi siamini kama wale 34 ni wavivu. Niambie, ile siku ya watu 40 mulikuwa na majembe ngapi? Kama yalikuwa nane basi watu 32 walikuwa wanaangalia wenzao, wanapiga story, wanazunguka zunguka, na mtu mzima aliyeacha biashara yake ili akuje kusimama hawezi kurudi, hata wewe usingerudi.

Njo maana nasema hesabu kazi kwanza, kiisha utafute watu. Chukua mfano wa maji tu. Tuta la metre 10 kwa metre 1,20, mu kiangazi toka mwezi wa sita mpaka wa nane linaomba litre kama 5 kwa kila metre ya mraba ku siku, maana yake bidoni 3 za litre 20. Ukiwa na matuta 10 ni bidoni 30 kila siku ya Mungu, na sisi hapa Bukavu tunajua maji inavyopandishwa mlima. Mtu mmoja akibeba bidoni 3 asubuhi amefanya kazi kubwa, kwa hiyo unahitaji watu 10 leo, watu 10 kesho, watu 10 kesho kutwa. Watu 40 wa Jumamosi hawakusaidie kitu hapo, Jumanne lengalenga itakuwa imeshakauka. Lakini hao hao 40 ukiwapanga ekipe 8 za watu 5, ekipe mbili ku siku moja, kila ekipe inajua siku yake, maji imepatikana na hakuna mtu anachoka sana.

Na Jumamosi yenyewe, mama, nani alichagua hiyo siku? Mama anayeuza ku soko ya Kadutu Jumamosi njo siku yake ya kupata falanga, motari wa pikipiki pia. Pita nyumba kwa nyumba na kaye (daftari) yako, uliza kila mtu mambo matatu tu: siku gani unaweza, saa gani, na mwili wako unaweza kazi gani. Utashangaa. Kuna mzee hawezi tena kuinama na jembe lakini anajua pepinyeri (kitalu cha miche) kuliko sisi wote, kuna mama wa mtoto mchanga hawezi kukuja shambani lakini anaweza kukusanya maganda ya ndizi na ya viazi za avenue nzima kwa ajili ya mbolea. Hao wote ni watu wa shamba, na mpaka leo hakuna aliyewauliza.

Kiisha njo ugawe, na ugawe kufuatana na kazi. Pepinyeri ipe watu wachache wenye subira, watatu ao wanne wanatosha, juu poro (liki) inakaa mu kitalu wiki 6 mpaka 8 na kila siku lazima mtu aangalie, na mkono ukibadilika badilika miche inakufa na hakuna wa kuulizwa. Maji nimeshasema. Mbolea ipe ekipe yake, wanageuza lundo kila wiki mbili hivi, wanachanganya maganda, majani mabichi, majivu kidogo, samadi ya mbuzi ao ya dende (kanyama kadogo ka kufuga) kama iko, na ile tithonia yenye maua ya njano inayoota pembeni ya barabara zetu, majani yake yana chakula kingi cha udongo na ni bure, mu miezi miwili mitatu mbolea imeiva. Matuta na mifereji iende kwa wenye nguvu. Vyombo na kaye, watu wawili waaminifu: jembe linatoka likiandikwa, linarudi likiandikwa, kadena inafungwa.

Ekipe moja isipite watu 6 ao 7. Wakiwa 15 kila mmoja anajisemea leo nikikosa hawataona. Wakiwa 5, ukikosa wanakupigia simu kuuliza kama uko mgonjwa, na hiyo simu inarudisha mtu kuliko amande yoyote. Kila ekipe iwe na kapita (msimamizi) wawili, si mmoja, juu mmoja akienda kilio Walungu kazi isisimame. Na kapita asiwe yule anajua kupiga kelele! Tafuta yule anafika mapema na anakumbuka majina ya watu.

Kama muko na siku ya kazi ya wote, tuseme mwezi wa nane mwisho, munatayarisha udongo kabla mvua ya mwezi wa tisa ianze, kapita apite shambani jana yake jioni aandike ku kibao kazi zote: za nguvu, za mikono myepesi, za watoto. Mtu akichelewa akifika saa mbili na nusu asikute watu wanamuangalia vibaya, akute kazi ku kibao inamungojea. Mukisema munamaliza saa nne, malizeni saa nne hata kama tuta moja imebaki. Mtu uliyemkalisha mpaka saa sita bila kumuambia, nyumbani kwake ameshagombezwa, na Jumamosi ijayo hatakuja.

Jambo lingine, musianze na shu (kabichi). Shu ni nzuri lakini inaomba karibu miezi mitatu, na watu wamechoka kungoja mambo mu hii mji. Pandeni lengalenga kwanza, mu wiki nne hivi munakata, kila mtu anarudi nyumbani na fungu lake, jioni bugali na lengalenga na samaki wadogo wa sambaza, watoto wanauliza imetoka wapi. Shu, karoti na poro zitafuata pembeni polepole. Mambo ya kugawa mavuno yaandikeni mu kaye mbele ya watu wote kabla mbegu haijaingia mu udongo: fungu la wenye walitumika, fungu la wajane na wagonjwa wa kartie, fungu la kuuza ili mununue mbegu ya saison ijayo. Mukingoja mboga ziote njo muongee, mutagombana, na ugomvi wa mboga ni mbaya juu ni wa majirani.

SWALI: Yaya, sisi wa Bagira shamba letu liko ku mlima, kila mvua ikinyesha udongo unashuka kwa jirani wa chini na yeye analalamika. Vijana wako tayari kutumika, tuwapange namna gani?

JIBU: Tumikeni mu kiangazi, na muanzie JUU, si chini. Mukianza chini mvua moja ya ghafla itabomoa yote muliyochimba. Tengenezeni miti mitatu mufunge sawa herufi A, mutundike kamba yenye jiwe toka kichwa cha A, kamba ikipita katikati ya mti wa kulala, hapo njo mstari hauteremki. Vijana wawili wanatembeza hiyo A, mmoja anapiga vijiti mu udongo, wengine wote wanafuata wanachimba mfereji ku hiyo mistari, udongo wanautupa upande wa juu. Mlima ukisimama sana mistari ikaribiane. Kiisha ekipe ya wamama na watoto wapande majani ya setaria ao matete ku ule udongo muliotupa, mizizi ishike, na majani mutakatia mbuzi na sungura. Na yule jirani wa chini mumualike atumike na nyinyi siku hiyo, yeye njo ana faida kubwa ya kwanza.

SWALI: Mimi niko Panzi. Kulikuja mradi mmoja hapa wakawa wanalipa vijana kila siku, mradi ukaisha, sasa tukiita watu shambani wanauliza motivation (malipo) iko wapi. Nifanye nini Yaya?

JIBU: Mdogo wangu, usiwakasirikie, mtu mwenye hana kazi akiuliza falanga hakosei. Waambie ukweli siku ya kwanza kabisa, mbele ya wote: hapa hakuna falanga ya siku, kuna mboga, kuna miche ya kupeleka kwenu, kuna kujifunza pepinyeri ambayo kesho unaweza kuifanya nyumbani ukauza miche yako. Wenye wataondoka waende kwa amani, usiwaseme vibaya. Lakini kuna kazi zenye si haki kuomba bure, kutoa mawe makubwa, kupandisha mizigo ya samadi toka barabarani, hizo chukueni falanga ya fungu la kuuza mulipe kijana wa kartie, mupatane bei mapema, muandike mu kaye jina la kazi na bei yake ili wa kujitolea wasifikiri kuna wenye wanapendelewa. Na kijana akitumika saison moja bila kukosa siku zake, yeye njo achaguliwe wa kwanza kazi ya kulipwa ikitokea.