CEA imepanda tena baada ya upasuaji: je, saratani imefika kwenye ini?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu, miaka 63, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana mwaka jana. Kabla ya hapo CEA yake (kipimo cha damu) ilikuwa 18, wiki sita baadaye ikawa 3.1. Majibu ya juzi ni 6.4, na sigara ameirudia. Je, saratani imefika kwenye ini?

JIBU: Marahaba. Kwa namba hiyo peke yake hakuna daktari anayeweza kukuambia imefika au haijafika.

CEA ni protini inayokaa juu ya seli na kuzisaidia kushikana. Phil Gold na Samuel Freedman waliieleza mwaka 1965 huko Montreal, Kanada. Saratani ya utumbo huitengeneza kwa wingi, nyingine ikaingia kwenye damu. Tena haikai tu kama alama: majaribio ya maabara yanaonyesha huisaidia seli iliyobanduka kwenye uvimbe isife njiani. Damu ya utumbo mpana, kwa sehemu kubwa, hupitia kwanza kwenye ini. Seli za ulinzi zilizoko huko zikiinasa CEA hutoa kemikali zinazofanya kuta za mishipa midogo zinate, na seli ya saratani inayopita ikapata pa kujishikiza.

Mimi naitazama zaidi ile 3.1. CEA iliyokuwa juu ikashuka chini ya 5, kikomo cha kawaida, baada ya upasuaji ni dalili njema kuliko inayogoma kushuka. Hii 6.4 inaweza kuwa sigara, au hata homa ya ini. Ila msiisingizie sigara mkalala: kutoka 3.1 imeongezeka maradufu.

Rudieni kipimo baada ya wiki chache, maabara ileile, kwa sababu mashine tofauti hutoa namba tofauti kwa damu moja. Ikiwa anatumia dawa za kemo zenye oksaliplatini, mkumbusheni daktari wake. Wiki za mwanzo dawa hizo huweza kuipandisha CEA kwa muda. Ikizidi kupanda, apigwe picha ya CT ya kifua, tumbo na nyonga bila kungoja maumivu. Vivimbe vichache vya ini vikiwahiwa hukatwa, na wapo wanaopona kabisa.

Ikishuka, kliniki asiache. Baadhi ya saratani hurudi CEA ikiwa imetulia, kwa hiyo CT na kolonoskopi (kamera ya kuangalia utumbo mpana) zibaki kwenye ratiba yake.