Mdudu kwa mmea unaokula wadudu ni mbolea, chakula unajipikia wenyewe

Mkuu umeuliza mmea unaokula wadudu, kama una jua na maji, unawataka wadudu wa nini tena, na ukikosa nzi utakufa njaa? Haufi. Sukari unajitengenezea kwa jua kama mahindi tu, mdudu ni mbolea yake.

Mi nafuga Dionaea, ile yenye mitego inayofumba kama kope. Wa kwanza niliuua mwenyewe na iliniuma sana, niliupanda kwenye udongo mweusi wenye samadi nikidhani naupendelea, namwagilia maji ya bomba kila siku, wiki chache tu majani yakawa meusi na mizizi ikaoza. Ndo nikaanza kusoma, mmea gani huu unakufa kwenye udongo mzuri??

Kumbe kwao ni vinamasi vya Carolina kule Marekani, udongo wa kichanga umelowa muda wote, una asidi, hewa hakuna, kwahiyo bakteria wanaozesha vitu polepole mno na naitrojeni inabaki imefungwa humo humo, fosforasi nayo kiduchu. Jua sasa, tele. Yani mmea una sukari ya kutosha ila hauna cha kujengea protini, yaani naitrojeni, na mdudu ndo kabeba hiyo naitrojeni pamoja na fosforasi.

Ila mtego ni gharama jamani, hili watu hawalioni. Jani likigeuka mtego linavuna mwanga kidogo kuliko jani la kawaida, na kila kufumba kunakula nguvu, ndo maana Dionaea inasubiri vinywele vya ndani ya mtego viguswe mara mbili ndani ya sekunde kama 20 hivi, isije ikafumbia tone la mvua. Penye rutuba hiyo gharama hailipi, majirani wenye majani mapana wanaupita na kuufunika.

Ushahidi ninaoupenda mimi ni Nepenthes lowii wa kisiwa cha Borneo, mmea mwingine wa aina hii ambao mtego wake ni jani lenye umbo la mtungi, kwenye ule mtungi mnyama mdogo kama kindi anakuja kulamba utomvu kwenye kifuniko huku anajisaidia humo ndani, na mmea unachukua naitrojeni kwenye kile kinyesi. Haujali kama ni mdudu, unatafuta naitrojeni.

Wa pili nimeupa mchanga usio na mbolea, maji ya mvua na jua kali, mwaka wa tano huu. Wako ukikosa wadudu utakua taratibu tu, usiulishe vipande vya nyama, mtego unaoza.