Mchanga wa Tangi la Bahari Hausafishwi kwa Siku Moja

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kolwezi, mji wa kusini mwa Kongo, aliniandikia akitaka nibariki uamuzi aliokwisha kuufanya: Jumapili atatoa mchanga wote wa tangi lake la maji ya chumvi, auoshe kwa maji ya bomba hadi ung'ae, kisha aurudishe. Nilimkaripia usiku uleule. Haraka kama hiyo iliniulia samaki hapa Lubumbashi, na bado inaniuma.

Tangi langu ni la lita 200, nalo liko sebuleni, mahali ambapo mgeni huliona kabla hajaniona mimi. Kufuga samaki wa bahari zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani si jambo dogo, kwa kuwa kila lita ya maji inahitaji takriban gramu 35 za chumvi maalumu, na ile ya jikoni haifai. Basi nilijiona mkubwa. Wageni walipenda kuwatazama samaki wangu wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe wakigombania chakula, nami niliwalisha mara nne kwa siku ili wageni wafurahi. Aliyeniuzia mchanga alikuwa amenihakikishia kwamba hujisafisha wenyewe na usiguswe kamwe, nami nilimwamini, maana ushauri unaompunguzia mtu kazi huaminika upesi.

Mabaki ya chakula na vinyesi yalizama katika mchanga wenye kina cha sentimita 8. Mwaka wa pili nikaona kwenye kioo cha mbele doa jeusi kama wino, kubwa kama kiganja. Oksijeni ilikuwa haifiki tena huko chini, na bakteria walikuwa wakitengeneza haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama yai bovu. Wakati ule sikujua hayo. Niliona aibu tu, kwa kuwa wakwe zangu walikuwa wanakuja jioni.

Nilizamisha mkono hadi kiwiko nikaukoroga mchanga wote. Mapovu yalipanda, sebule ikanuka, maji yakawa kama uji wa ulezi. Baada ya saa moja umeme ukakatika na pampu ikanyamaza, huku bakteria wakishambulia uchafu ule uliotibuliwa na kuimaliza oksijeni iliyobaki. Wakwe walinikuta nimepiga magoti kando ya mshumaa, nikichota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa. Jike, ambaye ndiye mkubwa katika jamii hiyo ya samaki, alikufa kabla ya alfajiri. Mama mkwe alinipa pole kwa adabu, kisha akauliza kama aliweza kuliwa.

Dume aliyebaki nilimletea mwenzake mdogo, na dume huyo wa kwanza akageuka jike, kama ilivyo kawaida yao. Yu hai hadi leo, na ninajivunia hilo.

Sasa ninalisha mara moja kwa siku, na mchanga nimeupunguza hadi sentimita 4. Kila Jumamosi, ninapobadilisha lita 20 za maji, ninanyonya robo moja tu ya sakafu kwa mpira wenye mdomo mpana: mchanga ukipanda hadi nusu ya mdomo, ninaubana mpira kwa kidole, chembe nzito zinashuka, na mashapo, yaliyo mepesi, yanatoka na maji. Konokono wanaojichimbia mchangani hunisaidia, ila shaba huwaua hata ikiwa kidogo sana, na katika mji huu wa shaba mimi sithubutu kutumia maji ambayo sikuyachuja vizuri.

Vijana wenzangu, mnapenda tangi ling'ae siku ya kupiga picha, lakini mnasahau kwamba mchangani wanaishi bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotoka kwa samaki, kuwa naitreti, isiyo na sumu kali. Klorini ya maji ya bomba huwaua, nanyi mnabaki na mchanga mweupe na samaki wanaotweta.

Kijana wa Kolwezi aanze na pembe ya kushoto, upana wa viganja viwili, akiwa na pampu ya hewa ya betri mkononi. Akisikia harufu ya yai bovu, asimame hapohapo na kubadilisha maji. Pembe ya pili ingoje Jumapili inayofuata.