Sonona: maswali yenu ya wiki hii

*Mume wangu ana miezi mitatu hali chakula vizuri, anaamka saa tisa usiku anakaa sebuleni gizani, kazini haendi. Ndugu zake wanasema karogwa. Au ni stresi tu?*

Pole sana dada. Stresi ya maisha inakuja inapita, ila mtu akiishiwa hamu ya kila kitu karibu siku nzima, wiki 2 au zaidi, usingizi umekatika na chakula hakipandi, hiyo inaelekea kuwa sonona na ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Wanaume wengi hawalii, utaona kawa mkali, pombe imezidi, au kila siku kichwa na mgongo na anapimwa malaria na taifodi haonekani na kitu. Maombi endeleeni nayo lakini hospitali isisubiri, wamcheki na damu na tezi ya shingo maana zinaweza kuleta hali kama hiyo. Na muulize wazi kama anawaza kujiua, kuuliza hakumpandikizii wazo, akisema ndiyo asiachwe peke yake hata dakika, toeni sumu na vidonge ndani, mpelekeni leo leo.

*Nimeanza fluoxetine, dawa ya sonona, wiki nzima naona kichefuchefu tu. Niache? Eti ukianza huachi tena?*

Usiache mdogo wangu. Inachukua wiki 2 mpaka 4 ndo uanze kuona tofauti, wengine hata 6, na kichefuchefu mara nyingi kinapungua chenyewe, meza asubuhi ukishakunywa chai. Haikufanyi teja, ila ukiikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu na ndoto za ajabu, kwa hiyo daktari ndo anakupunguzia dozi. Wengi wanaharibu hapa: mwezi wa pili anajisikia mzima anatupa vidonge, ugonjwa unarudi. Ukipata nafuu endelea walau miezi 6. Kama ulishawahi kuchangamka kupita kiasi siku kadhaa bila kulala, unagawa hela ovyo, mwambie daktari, hiyo inaweza kuwa baipola, ugonjwa wa akili wa kuchangamka mno kisha kuzama kwenye huzuni, na matibabu yake ni tofauti.

*Hela ya mwanasaikolojia sina. Kuongea tu kunasaidia kweli?*

Kunasaidia sana. Zimbabwe daktari wa akili Dixon Chibanda alianza 2006 kufundisha mabibi wa mtaani Harare, wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, wanachagua tatizo moja wanalitafutia njia, na utafiti uliotoka 2016 ulionyesha baada ya miezi 6 waliopitia benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sonona ikiwa ndogo maongezi ya aina hiyo yanaweza kutosha, ikiwa kali unahitaji na dawa. Hospitali ya wilaya ulizia ofisa ustawi wa jamii au nesi wa afya ya akili, huyo ndo wa kuanza naye.