Daftari Kabla ya Mahubiri: Kuwafundisha Vijana wa Kanisani Kutunza Fedha

Msomaji mmoja anayefundisha vijana wa miaka 14 hadi 19 kanisani ametuma ujumbe. Amefundisha somo la fedha Jumapili nne mfululizo, akapitia mfano wa talanta, fungu la kumi na hatari ya kupenda fedha. Vijana wakaitikia amina. Miezi miwili imepita, hakuna hata mmoja anayeweka akiba. Anauliza amekosea wapi.

Maandiko aliyochagua yanafaa kabisa. Kilichokosekana ni fedha zenyewe: kwa Jumapili zote nne vijana wamesikia habari za fedha bila kuzishika, kuzihesabu wala kuandika walichotumia. Hakuna aliyejifunza kuogelea akiwa darasani.

Neno tunalolipenda makanisani ni uwakili, yaani kutunza mali ya mwingine kwa niaba yake, na ni neno zuri. Lakini tazama wakili wa Luka 16 anaambiwa nini pale bwana wake anapomwita: toa hesabu ya uwakili wako. Katika Mathayo 25 ni vilevile, bwana anarudi baada ya siku nyingi na kufanya hesabu na watumishi wake. Uwakili bila hesabu ni maneno matupu. Kwa hiyo somo la kwanza liwe daftari, hata kabla ya bajeti.

Siku 30 za kwanza kijana asibadilishe chochote. Aandike tu. Ukimwambia abane matumizi siku ya kwanza, ataanza kuficha matumizi, na daftari lililoanza kwa kuficha halisaidii tena. Kila ukurasa uwe na safu tano: tarehe, maelezo, iliyoingia, iliyotoka, salio. Sehemu ya maelezo isiandikwe "matumizi". Iandikwe kitu chenyewe: nauli, bando, kalamu.

Tuseme ni Jumatatu na kijana ameamka na 40 (tarakimu hizi ni za mfano, kwa fedha yoyote). Mzazi amempa 100. Nauli 12, bando 15, vitafunio 8, rafiki amemkopa 10. Kwenye daftari salio ni 95. Jioni anamwaga mfuko mezani, anatazama na salio la kwenye simu, anakuta 88. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanabuni matumizi ya 7 ili hesabu ilingane. Mfundishe aandike "haijulikani 7", kisha aanze kesho na 88. Mwisho wa mwezi ajumlishe mistari yote ya "haijulikani". Hizo ni fedha zilizoondoka bila yeye kuamua ziondoke, na jumla hiyo humfikirisha kuliko mahubiri ya saa nzima, kwa sababu mwandiko ni wake.

Kuna kosa moja la mwalimu linaloua zoezi hili papo hapo: kukusanya madaftari na kuyasoma mbele ya wenzao. Katika kundi moja yupo anayepewa posho kubwa na yupo ambaye wiki nzima hajashika chochote. Wa kwanza atajivuna, wa pili ataandika uongo. Daftari la kijana ni siri yake na yule mtu mzima mmoja aliyemchagua. Kwa mazoezi ya pamoja andaa ukurasa wa mfano wenye tarakimu za kubuni, wote waufanyie kazi huohuo. Na asiye na kipato kabisa asiachwe nje. Aandike thamani ya vile wengine wanavyomlipia: nauli, ada, nguo. Kijana anayejua yeye mwenyewe anagharimu kiasi gani kwa mwezi huanza kuzungumza na wazazi wake kwa namna nyingine.

Mwezi wa pili ndipo mgawanyo unapoingia. Bahasha tatu zinatosha: kutoa, akiba, matumizi. Katika kila 100 inayoingia, 10 iende kutoa, 20 akiba, 70 matumizi. Ile 20 ina mzizi wake: Yusufu, katika Mwanzo 41, alishauri sehemu ya tano ya mazao ikusanywe katika miaka saba ya shibe, kabla ya miaka saba ya njaa. Si amri kwa kila Mkristo, na usiifundishe kama amri. Kijana anayekaa kwa wazazi bila kulipa kodi ya nyumba anaweza kuweka 30 au 40. Anayewalea wadogo zake pengine ataweza 5 tu, na hiyo 5 ni uaminifu kamili.

Mgawanyo ufanyike siku ileile fedha zinapoingia, kabla hazijapumzika mfukoni. Paulo aliwaelekeza Wakorintho hivyohivyo: siku ya kwanza ya juma, kila mtu aweke kando kwa kadiri ya kufanikiwa kwake (1 Wakorintho 16:2). Angalia neno kadiri. Linamfaa sana kijana mwenye kipato cha vibarua, leo 200 na wiki ijayo hakuna kitu. Huyo asipange kiasi maalumu cha kila mwezi, apange sehemu ya kila kinachoingia.

Bahasha hukopana. Wiki ya tatu hivi, matumizi yataisha na mkono utaingia kwenye akiba. Kuzuia kabisa haiwezekani, basi weka utaratibu: anayechukua aandike kipande cha karatasi chenye tarehe, kiasi na siku ya kurudisha, akiweke ndani ya bahasha mahali pa fedha. Na wazazi waambiwe bila kuzungushwa: mzazi anayechukua akiba ya mtoto "kwa muda" na asirudishe anamfundisha mtoto kwamba anayeweka akiba ni mjinga. Somo hilo litakaa miaka mingi. Mzazi naye aandike karatasi.

Akiba iwe na jina na tarehe. "Ninaweka akiba" haina nguvu. "Viatu vya 240 kufikia wiki ya 12" inampa kijana hesabu ya kufanya: 20 kila wiki. Lengo la kwanza lisizidi wiki 12, hasa kwa walio chini ya miaka 16. Mtoto wa miaka 14 ukimwekea lengo la miaka mitatu, atakata tamaa wiki ya tano. Baada ya lengo la kwanza kutimia, fungua akiba ya dharura, na hiyo haina sikukuu wala viatu.

Kuhusu kutoa, naomba walimu wenzangu tuwe waangalifu sana. Malaki 3:10, inayoahidi baraka kwa waletao fungu la kumi, ni andiko la kweli na Mungu ni mwaminifu. Lakini kijana akifundishwa kwamba sadaka ni mbegu atakayoivuna mara mia kufikia mwezi ujao, umemfundisha kubeti madhabahuni, na siku asipovuna atamwacha Mungu pamoja na bajeti. Paulo anasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima (2 Wakorintho 9:7). Kukusudia ni kazi ya kukaa na daftari nyumbani, wala si kazi ya dakika mbili chombo cha sadaka kinapopita. Fundisha pia Marko 7, ambapo Yesu anawakemea watu waliotaja mali yao kuwa wakfu ili wasiwasaidie baba na mama. Kutoa na kutunza nyumba viko pamoja. Ndiyo maana bahasha ya kutoa inaweza kuwa na mistari miwili ndani yake, wa kanisa na wa watu, na kijana aamue mwenyewe uwiano wake.

Mikopo nitaikalia zaidi, kwa kuwa hapo ndipo vijana wanapoumia wakiwa bado hawajaanza maisha. Mithali 22:7 inasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye. Kijana atakubali, kisha jioni atabonyeza kitufe cha mkopo kwenye simu, kwa sababu hajawahi kuonyeshwa utumwa huo kwa tarakimu. Mwonyeshe.

Mkopo wa 100 wa siku saba wenye ada ya 10 unaonekana mdogo. Wiki ikiisha hana cha kulipa, analipa ada tu na kuusogeza mbele. Akifanya hivyo wiki 52, amelipa 520, na bado anadaiwa 100 ileile.

Halafu mwonyeshe riba inayokokotolewa juu ya mkopo wote wa mwanzo. Amekopa 1,200 kwa miezi 12, "riba asilimia 20 tu kwa mwaka". Riba ni 240, jumla 1,440, marejesho 120 kila mwezi: 100 ya deni na 20 ya riba. Mwezi wa saba unapoanza deni limebaki 600, riba bado ni 20. Mwezi wa mwisho anadaiwa 100 tu, na bado analipa riba ya 20. Yaani mwezi ule peke yake amelipa asilimia 20 ya alichokuwa anadaiwa. Ukipiga hesabu ya mkopo mzima kwa salio linalopungua, yaani riba juu ya deni lililobaki tu, riba yake halisi ni karibu asilimia 35 kwa mwaka. Mkopo kama huo kwa asilimia 20 ya salio linalopungua ungekuwa na riba ya 134 hivi. Hapa wote wawe na karatasi na kalamu, wajaze mwezi mmoja mmoja mpaka wa 12. Usiwape jibu, liwatoke mikononi mwao.

Maswali mawili wayakariri kabla ya kusaini popote: nitapokea mkononi kiasi gani, na nitarudisha jumla kiasi gani? Mkopo wa 1,200 unaokatwa ada ya 60 kabla hujaupokea unakupa 1,140, ila riba inahesabiwa juu ya 1,200. Anayekopesha akishindwa kujibu kila swali kwa tarakimu, ondoka.

Udhamini hufundishwa kwa nadra, na Biblia imeusema mara nyingi. Mithali 6:1-5 inamwambia aliyemdhamini rafiki ajiokoe kama paa mkononi mwa mwindaji. Kijana anadhani kudhamini ni kumsifia rafiki kuwa ni mwaminifu. Kudhamini ni kukubali kulipa deni lote lililobaki rafiki akishindwa. Kanuni rahisi: usidhamini kiasi ambacho usingeweza kukitoa bure leo. Na lipo agizo la Kumbukumbu la Torati 24:6, jiwe la kusagia lisichukuliwe rehani, kwa maana ni kuchukua uhai wa mtu. Kwa kijana jiwe hilo linaweza kuwa cherehani au kompyuta anayofanyia kazi. Chombo kinachomlisha kisiwe dhamana.

Kubeti kusipite kwa kukemewa tu. Chukua mchezo wenye matokeo mawili, kila upande odi 1.85, yaani ukishinda, kila 1 uliyoweka inarudi 1.85. Ukiweka 100 kila upande umetoa 200, na matokeo yoyote yale unarudishiwa 185. Ile 15 ni ya kampuni. Mkeka, yaani dau moja linalounganisha mechi kadhaa, ukiwa wa mechi tano za namna hiyo unakatwa juu ya makato mara tano: katika kila 100 inayowekwa, wastani wa kurudi ni kama 68. Kijana anayeringa kwamba "anajua mpira" mwache apige hesabu hiyo mwenyewe.

Mchezo wa piramidi, ule ambao anayeingia hutoa fedha na kulipwa kutokana na fedha za anaowaleta, nao una hesabu yake fupi. Kila mtu alete watu 6: ngazi ya kwanza 6, ya pili 36, ya tatu 216. Ngazi ya 13 inahitaji watu zaidi ya bilioni 13, na dunia haina watu hao. Mithali 13:11 inasema mali ya haraka hupungua, na hapo vijana wanaona inakopungulia. Wengi huletewa mchezo huo na mtu wanayesali naye, basi waambie waziwazi kwamba kuombewa na mtu hakuthibitishi biashara yake.

Sasa, kwa ndugu aliyeuliza: anza upya kwa miezi mitatu, dakika 45 kila Jumapili, daftari na kalamu kwa kila mmoja. Mwezi wa kwanza kuandika, wa pili bahasha, wa tatu mikopo na kubeti. Katika mwezi wa tatu kundi lifungue sanduku la akiba ya pamoja, michango ya hiari, midogo, yenye lengo moja. Fedha hizo zisikae kwako, hata uwe mwaminifu namna gani. Paulo aliposafirisha mchango wa makanisa alituma ndugu zaidi ya mmoja, ili asiwepo wa kulaumu (2 Wakorintho 8:20-21). Katika 2 Wafalme 12 kuhani Yehoyada alitoboa tundu kwenye kifuniko cha kasha, na fedha zilipojaa walikuja wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakahesabu pamoja.

Sanduku lenu liwe na kufuli tatu na washika funguo watatu kutoka nyumba tatu tofauti, abadilishwe mmoja kila mwezi. Sanduku lenyewe likae kwa mtu wa nne asiye na ufunguo wowote. Hesabu ifanyike mbele ya wote kwa sauti, kijana mmoja ahesabu, mwingine arudie, wa tatu aandike. Tarakimu zikipishana, hakuna kwenda nyumbani mpaka zihesabiwe tena. Jumla iandikwe kwenye daftari la kundi na ndani ya daftari la kila mwanachama siku hiyohiyo, ili daftari moja likipotea, hesabu isipotee nalo.